Kutengwa kazini kwa sababu ya lugha: lipi linashughulikiwa na lipi halishughulikiwi

Malalamiko ya wafanyakazi wanaojiona wametengwa kwa kutojua lugha ya wenzao yanazidi kutufikia, na tunayachukulia kwa uzito. Anayeshinda kazini bila kuelewa kinachosemwa huchoka mapema, huona haya kuuliza kila mara, na mwishowe huacha kuuliza kabisa. Hapo ndipo makosa ya kazi na ajali huanzia.

Hata hivyo, wengi huja na dai moja: mwajiri awakataze wenzao kuzungumza lugha yao. Tumeshalieleza hili mara nyingi. Soga za wakati wa mapumziko ni za wahusika wenyewe, na kupiga marufuku lugha ya watu kutwa nzima kunaweza kuwa ubaguzi kwa upande wao. Kinachotuhusu ni taarifa za kazi: maelekezo, makabidhiano ya zamu, tahadhari za usalama, maamuzi ya vikao, matangazo ya mafunzo na ya nafasi za kupandishwa cheo. Hizo zikipitishwa kwa lugha usiyoielewa, iwe kikaoni au kwenye kundi la WhatsApp la kazi, una lalamiko halali.

Kuna wanaosema sheria haitambui lugha. Ni kweli kwamba Mkataba Na. 111 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1958, hautaji lugha katika orodha yake ya misingi ya ubaguzi. Lakini unataja asili ya kitaifa, ambayo mara nyingi huambatana na lugha, na unaruhusu nchi kuongeza misingi mingine. Mkataba Na. 190 wa mwaka 2019, kwa nchi zilizouridhia, unahesabu kuwa unyanyasaji hata tukio moja lisilokubalika linaloweza kumletea mtu madhara ya kisaikolojia. Kumkejeli mtu kwa lafudhi yake mbele ya wenzake hakupaswi kupuuzwa kama mzaha.

Kabla ya kuandika lolote, sema. Wenzako wengi hurudia lugha yao bila kukusudia kukutenga, na mara nyingi kumwambia mmoja wao waziwazi kunatosha. Isipotosha, weka kumbukumbu ya kila tukio: tarehe, saa, mahali, waliokuwepo, taarifa iliyokupita na athari yake kwa kazi yako. “Wananitenga” peke yake haichunguziki. “Zamu ilibadilishwa kikaoni, sikuelewa, nikaandikiwa barua ya onyo kwa kuchelewa” inachunguzika. Kisha mwandikie msimamizi wako, nakala kwa afisa rasilimali watu na kwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi kama kipo. Taja unachoomba: muhtasari wa kikao kwa maandishi, lugha moja ya pamoja kwa taarifa za kazi, mkalimani kwenye mafunzo ya usalama, au muda wa kujifunza lugha. Baki na nakala yenye sahihi au muhuri wa kupokelewa. Barua pepe nayo inakubalika. Usipojibiwa, nenda ofisi ya kazi ya serikali ukiwa na nakala hizo pamoja na mkataba wako wa ajira. Usikawie, kwa kuwa muda wa kuwasilisha mgogoro huwa na ukomo, na ukishapita huenda ukalazimika kwanza kuomba kibali cha kuchelewa.

Mwajiri anaruhusiwa kudai ujuzi wa lugha pale tu kazi yenyewe inapouhitaji. Akishindwa kuthibitisha hitaji hilo, anaweza kuamriwa kulipa fidia, kufuta adhabu aliyoitoa au kumrudisha kazini aliyeachishwa. Kiwango hutegemea sheria ya nchi na ushahidi uliopo, hivyo hatuwezi kumwahidi mtu matokeo. Kumwadhibu mfanyakazi kwa sababu amelalamika ni suala jingine kabisa. Ukihamishwa, ukipunguziwa zamu au ukitishwa baada ya kuwasilisha barua, fungua lalamiko la pili siku hiyohiyo bila kusubiri la kwanza liamuliwe.