Vocha ya Mbolea ya Ruzuku: Kosa Huanzia kwa Chifu, Si Bohari

Ruzuku ya mbolea hapa Kenya haiji kama pesa mkononi. Ni punguzo la bei. Mfuko wa kilo 50 uliokuwa ukiuzwa karibu Sh6,500 ulishushwa hadi Sh3,500 Septemba 2022, kisha Sh2,500 Agosti 2023, na serikali ikabeba tofauti. Punguzo hilo hupatikana kwa vocha, yaani ujumbe unaotumwa kwa simu ya mkulima aliyesajiliwa. Kwa hivyo asiyepata vocha amekosa ruzuku yote, hata bohari likiwa limejaa hadi mlangoni. Na vocha nyingi hupotea siku ile ile ya usajili.

Usajili hufanyika kwa chifu au naibu wake, na taarifa huingizwa katika sajili ya kitaifa iitwayo KIAMIS. Tarakimu moja ya kitambulisho ikikosewa, rekodi haitalingana na kadi utakayoonyesha bohari. Simu ndiyo inayoumiza zaidi. Akina mama na wazee wengi huandikisha laini ya mwana aliye Nairobi. Ujumbe wa vocha unamfikia yeye, anaupita akidhani ni tangazo, na huku nyumbani mvua imeshaanza. Andikisha laini unayotembea nayo. Ukiibadilisha, rudi kwa chifu Januari au Februari. Machi kila mtu yuko kwenye foleni.

Halafu kuna ekari. Idadi ya mifuko hufuata ekari na zao ulilotaja. Wapo wanaotaja ekari chache wakihofia kodi, kisha wanabaki na mifuko miwili kwa shamba la ekari tano. Na kwa shamba la familia, kila ndugu aandikishe kipande anacholima yeye. Wakiandika wote ekari zile zile za baba, hesabu ya kijiji kizima inavurugika.

Vocha ikifika, isome kabla ya kukodi gari: aina ya mbolea, idadi ya mifuko, kiasi cha kulipa. Piga simu bohari la NCPB, bodi ya taifa ya nafaka na mazao, uulize kama aina hiyo ipo. Beba kitambulisho halisi na simu iliyosajiliwa. Usimtumie mtu yeyote pesa kwa nambari yake binafsi, hata akijiita karani. Lipa kwa nambari rasmi tu na uondoke na risiti.

Nauli nayo huila ruzuku. Ukilipa bodaboda Sh500 kwa mfuko mmoja, mfuko wako umekuwa wa Sh3,000. Majirani kumi wenye mifuko minne kila mmoja wana tani mbili, mzigo unaotosha kukodi kanta kwa siku moja.

Sasa, ubora. Mwaka 2024 mbolea isiyofikia viwango iliwafikia wakulima kupitia mpango huu huu, kwa hivyo kagua. Angalia mshono wa mfuko: uzi uwe wa mashine, usioonyesha tundu za kushonwa mara ya pili. Kwa DAP, mbolea ya kupandia, chukua punje chache kiganjani, changanya na chokaa, sugua. DAP halisi hutoa harufu kali ya amonia inayochoma pua. Usipoisikia, usiimwage shambani. Peleka sampuli kwa afisa wa kilimo pamoja na risiti.

Lakini hata DAP safi si dawa ya kila udongo. Mfuko mmoja una kilo 9 za naitrojeni na kilo 23 za fosfeti, kiasi kizuri kwa ekari ya mahindi. Tatizo ni kwamba DAP, ikitumiwa mwaka baada ya mwaka, huongeza asidi, na mashamba mengi ya Uasin Gishu na Trans Nzoia yameshafika hapo. pH, kipimo cha asidi ya udongo, ikishuka chini ya 5.5, aluminiamu na chuma huishika fosfeti, na mahindi machanga hugeuka zambarau ilhali mbolea ipo chini yao. Pima udongo, weka chokaa wiki kadhaa kabla ya kupanda, na kwenye usajili uliza kama unaweza kupata NPK, mbolea ya naitrojeni, fosforasi na potasiamu, badala ya DAP. CAN, mbolea ya kukuzia, iwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta, mfuko ukiwa umefungwa: hunyonya unyevu na kuganda kama jiwe kabla mahindi hayajafika magotini.