Kikundi cha WAVIU: maswali ninayoulizwa CTC, kliniki ya tiba na matunzo ya wenye VVU ninakofanya kazi

Kikundi cha WAVIU ni nini hasa?
Ni watu wanaoishi na VVU, wa mtaa mmoja au kliniki moja, wanaokutana kupiga soga, kukumbushana dawa na tarehe za kliniki, na mara nyingi kuweka na kukopa kama kikoba kingine chochote.

Mimi nameza dawa zangu. Kikundi cha nini?
Anayemeza kwa kujificha peke yake ndiye tunayempoteza. Nimechoka kuona vidonge vilivyotolewa kwenye kopo kwa sababu kopo linalia ukitembea, vikafungwa kwenye nailoni na kufukiwa kwenye debe la unga. Vinafika kwangu vimelowa, vimeshikana kama ubuyu. Wakija wageni, siku tatu hamezi. Ukitokea msiba kijijini, wiki nzima. Kikundini mtu angekwambia: acha vidonge kwenye kopo lake, shindilia pamba, halitalia. Ujanja huo sikufundishwa chuoni, nimeupata kwao.

Nikijiunga, watu si watajua?
Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inatubana sisi watumishi tutunze siri yako. Kuhusu wanakikundi, sikuapii kwamba hakuna mwenye mdomo. Unaogopa cha mtaani kwako? Nenda cha kata nyingine, au anza na mshauri mmoja tu kati ya WAVIU wanaotusaidia hapa kliniki.

Tunaweza kuazimana vidonge?
Hapana. Dawa zenu huenda si za aina moja, na anayekuazima anajipunguzia zake. Umeishiwa safarini? Ingia CTC yoyote iliyo karibu na kadi yako, ujieleze.

Kipimo kimesema virusi havionekani. Si nimepona?
Hujapona. Havionekani kwa sababu unameza. Maadamu vinabaki hivyo, humwambukizi mwenzi wako kwa kujamiiana, na hiyo ni raha kubwa. Ukiacha, vinarudi ndani ya wiki chache. Mwaka 2011 wapo walioacha dawa baada ya kunywa kikombe cha Loliondo, ile dawa ya miti ya Babu, na leo wapo wanaoacha baada ya kuambiwa kanisani kwamba wamefunguliwa. Omba, ndugu yangu. Kisha umeze.

Niliacha miezi sita iliyopita. Naona haya kurudi.
Rudi leo.

Si nisubiri kwanza kikohozi kipungue?
Usisubiri! Kikohozi hicho kinaweza kuwa kifua kikuu, na kifua kikuu ndicho kinachoongoza kwa kuua wenye VVU. Kila mwezi naletewa mtu amebebwa kwenye bajaji, mifupa mitupu, na ndugu wanasema "alikuwa anaona aibu". Aibu ya nini mbele ya foleni nzima ya watu wenye kadi kama yako? Nakiri, wapo wenzetu wanaofoka, na hilo ni kosa letu. Akikufokea, vumilia uchukue dawa, kisha mlalamikie kwa mganga mfawidhi. Lakini rudi.

Nikifika niseme nini?
"Niliacha dawa, nimerudi." Yatosha. Sababu utaeleza chumbani, si dirishani. Kadi kama uliichoma, na wengi huichoma, njoo hivyo hivyo. Jina lako bado limo kwenye faili.