Flashi ya Kusakinishia Mfumo Endeshi: Yanayoaminiwa na Yaliyo Kweli

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba ukishanakili faili la ISO (nakala nzima ya diski ya kusakinishia, ikiwa faili moja) kwenye flashi, kazi imekwisha. Kompyuta inapowashwa haihangaiki kufungua ISO. Hutafuta programu ya kuanzishia mahali maalumu, ambapo kwa kompyuta nyingi za leo zenye UEFI (programu ya ndani inayoanzisha kompyuta) ni faili liitwalo BOOTX64.EFI katika folda ya EFI\BOOT. Faili hilo kwa kawaida limo ndani ya ISO, ila limefungiwa humo, na kazi ya programu kama Rufus au balenaEtcher ni kuyaweka yaliyomo mahali yanapoweza kuonekana. Huenda dhana hii imetiwa nguvu na Ventoy, programu nyingine ya aina hiyo, ambayo kweli hukuruhusu kunakili ISO tu, lakini baada ya yenyewe kusakinishwa kwanza kwenye flashi.

Wengine hushikilia kwamba kufomati kwa FAT32, mmoja wa mifumo ya kupanga faili kwenye flashi, kunatosha daima. Hiyo ni nusu ya ukweli: UEFI husoma FAT32 bila shida, lakini FAT32 haipokei faili moja lenye ukubwa wa GB 4 au zaidi, na install.wim, faili kuu la usakinishaji wa Windows, mara nyingi huvuka kiwango hicho. Mtu huambiwa faili ni kubwa mno ilhali flashi yake ya GB 32 ni tupu, naye akailaumu flashi bure. Rufus hulikwepa tatizo hili kwa kutumia NTFS, mfumo mwingine wa kupanga faili, na kuongeza kisehemu kidogo chenye kiendeshi ambacho UEFI hukitumia kuisoma.

Kuhusu data, kinachofutwa wakati wa maandalizi ni flashi, wala si diski ya kompyuta. Hiyo huguswa baadaye, pale unapochagua mahali pa kusakinisha.

Tena husemwa kwamba flashi iliyoandikiwa Linux imeharibika, kwa kuwa Windows huonyesha MB chache tu kati ya GB 16. Haijaharibika, imegawanywa kwa namna ambayo Windows haiielewi yote. Fungua diskpart, programu ya Windows ya kusimamia diski kwa amri, andika list disk, ichague flashi kwa namba yake, kisha andika clean, amri ya kuifuta yote, ndipo uifomati upya. Itazame namba hiyo mara mbili, na ukubwa ulioandikwa kando yake, kwa sababu clean haiulizi kama una uhakika.