Maji Chini ya Bati Wakati Mvua Haijanyesha

Malalamiko mengi ya paa kuvuja tunayoletewa hayahusu mvua. Fundi amepanda, ameongeza misumari, amepaka lami kwenye maungio, na doa kwenye dari limerudi palepale. Kabla ya kumwita tena, panda darini alfajiri ukiwa na tochi. Ukikuta matone yametapakaa upande wote wa chini wa bati na kwenye ncha za misumari, hapo hakuna tundu: ni mvuke wa ndani ya nyumba uliogeuka maji. Paa linalovuja huacha mchirizi unaoanzia sehemu moja, tena baada ya mvua.

Hewa yenye nyuzijoto 25 hubeba hadi gramu 23 hivi za mvuke kwa kila mita ya ujazo. Ikipoa hadi 15 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 13, na kinachozidi hugeuka maji. Usiku usio na mawingu bati hunururisha joto lake angani na kuwa baridi kuliko hewa inayolizunguka. Mvuke wa kupika, kuoga na kupumua hupenya kwenye nyufa za dari, hasa kuzunguka taa, na kukutana na bati hilo.

Mchana mambo hugeuka. Jua la utosini humwaga takriban wati 1,000 kwa kila mita ya mraba. Bati jipya linalong'aa hurudisha sehemu kubwa ya mwanga huo, ila kile kidogo linachofyonza hulitoka kwa shida, ndiyo maana huunguza mkono. Rangi nyeupe ni bora zaidi: hurudisha mwanga na pia huachia joto kwa urahisi. Karatasi ya alumini chini ya bati husaidia sana, mradi kuwe na nafasi ya hewa ya sentimita 2 au zaidi upande wake unaong'aa. Ikigusana na bati juu na mbao chini, joto hupita moja kwa moja na fedha imepotea.

Joto na unyevu visipopangwa pamoja, kimoja huharibu kazi ya kingine. Sufu ya kuzuia joto hufanya kazi kwa sababu ya hewa tulivu iliyonaswa ndani yake. Maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa hiyo, kwa hiyo sufu iliyolowa ni mzigo tu juu ya dari, na kenchi zilizo karibu nayo huanza kuoza.

Karatasi ya kuzuia mvuke huwekwa upande wenye joto na unyevu. Kwenye baridi kali ni upande wa ndani. Kwenye joto la unyevunyevu na viyoyozi ni upande wa nje. Kunakili mchoro wa nchi ya baridi na kuujenga kwenye joto hufungia maji ndani ya paa.

Kuhusu matundu ya hewa, kipimo kinachotumika sana ni sehemu 1 kwa 150 ya eneo la dari: dari ya mita za mraba 90 huhitaji mita ya mraba 0.6, nusu pembezoni mwa paa na nusu kileleni. Ziba nyufa za dari kwanza, la sivyo matundu yatavuta mvuke wa vyumbani kuupeleka juu. Na bomba la feni ya bafu litokezee nje kabisa, lisiishie darini.