Hakuna "damu chafu": maswali ninayoulizwa wodini Mtwara

Kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua ni kiasi gani?
Nusu lita au zaidi ndani ya saa 24. Mara nyingi mji wa mimba umelegea, haujajikaza kubana mishipa pale kondo lilipobanduka.

Si ni damu chafu? Bibi anasema iachwe itoke yote.
Hapana. Shikamoo yake bibi, lakini hapana. Damu ya arobaini ipo, nayo hupungua siku hadi siku. Inayolowesha kanga, mkabadilisha, ikalowa tena, au inayotoka kwa mabonge makubwa, hiyo si kujisafisha. Ni damu ileile ya kumweka mama hai. Hakuna damu chafu.

Amejifungulia shambani, damu inatoka, lakini anaongea vizuri. Tungoje kukuche?
Msingoje! Mzazi huongea vizuri, ghafla akazimia. Pigeni 115, ni bure, usafiri wa m-mama, ule wa dharura wa wajawazito na wazazi, uje. Mkiusubiri, mtoto anyonye, mama akojoe, nanyi msugue tumbo chini ya kitovu mpaka liwe gumu kama mpira. Korosho zitaokotwa kesho. Wapo wanaoniletea mama kapauka midomo, ndipo wananiambia "ilianza jana jioni". Jana jioni!

Kuna jipya katika tiba?
Lipo. Utafiti uliotolewa 2023, katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa Tanzania, ulitumia mfuko wa plastiki wenye vipimo, unaowekwa chini ya mama kukinga damu. Ikizidi, matibabu yote yanaanza kwa pamoja: kusugua mji wa mimba, dawa za kuukaza na za kugandisha damu, dripu, uchunguzi. Damu kufika lita moja, upasuaji au kifo vilipungua kwa asilimia 60. Kabla ya hapo hata sisi wakunga tulikadiria kwa macho, na macho hudanganya. Oktoba 2025 Shirika la Afya Duniani likaelekeza tusisubiri nusu lita: mililita 300 zatosha kuanza tiba iwapo mapigo ya moyo au presha si vya kawaida. Hospitali haingoji, ninyi nyumbani mnangoja kanga ya tatu?

Ameruhusiwa, siku ya kumi damu imerudi kwa wingi.
Mrudisheni saa hiyohiyo. Na kanga msizifue kwa aibu. Zitieni kwenye mfuko, mje nazo zilivyo, tuzione.