Si Kila Trilobiti Uliyemwokota Alikufa Hapo

Nimeulizwa tena, kisukuku cha Elrathia kingii, trilobiti (mnyama wa kale wa baharini mwenye gamba gumu la vipingili) kutoka Utah, Marekani, kikiwa mkononi mwangu: "Huyu aliuawa na nini?" Swali hilo silijibu kabla ya kutazama mashavu. Ikiwa mashavu huru, yaani vipande vya pembeni mwa kichwa, hayapo na mishono ya uso inayoyashikilia imefunguka, yaelekea hapo hakufa yeyote. Tunachokitazama ni gamba lililovuliwa, na mwenyewe alikwenda zake akiwa na gamba jipya, laini, kama afanyavyo kaa wa mikoko.

Trilobiti waliishi baharini tangu takriban miaka milioni 521 iliyopita hadi mwisho wa kipindi cha Permi, miaka milioni 252 iliyopita, na spishi zaidi ya 20,000 zimekwisha kupewa majina. Wote walikua kwa kujivua. Mnyama mmoja aliacha magamba mengi na mzoga mmoja tu, na kwa kuwa gamba lililoachwa lilikuwa la kalisiti (madini ya chokaa) ileile, liligeuka kisukuku kama la mfu. Anayehesabu mikia mia katika tabaka na kutangaza vifo mia anatangaza asichokiona.

Kinachoniudhi zaidi ni ile kanuni ya mkato kwamba kisukuku kizima ni mzoga na kilichoachana ni gamba. Fakopidi (kundi mojawapo la trilobiti) wa kipindi cha Devoni mishono yao ya uso ilikuwa imeungana, hivyo hawakuweza kufungua mashavu. Kichwa kizima kilibanduka kifuani, na mara nyingi twakikuta kimepinduka karibu na kifua ambacho vipingili vyake havijaachana. Watu humwona huyo wakasema alikatwa kichwa na adui! Kwa upande mwingine, mzoga nao huoza, mishono ikaachia yenyewe, na mkondo hafifu ukachukua shavu moja. Mimi husadiki kwamba ni gamba ninapouona mpangilio uleule ukijirudia katika vielelezo vingi vya tabaka moja, kwa maana ni vigumu mkondo kuvipanga vipande namna moja kila mara.

Aliyejikunja, mkia ukiwa umefungana na ukingo wa kichwa, huyo namkubali kuwa ni mnyama mwenyewe. Triarthrus eatoni wa karibu na mji wa Rome, New York, ambao miguu na vipapasio vyao vimehifadhiwa kwa pairiti (madini ya chuma na salfa), nawakubali pia, ingawa kwa kusita kidogo, kwa sababu anayejivua huacha hata ngozi ya miguu.

Wanaonisumbua ni wale walionyooka, mashavu yakiwa mahali pake. Zamani niliandika "mzoga" kwenye lebo zao bila wasiwasi. Lakini gamba la kaa, mwenyewe akishatoka, hujifunga tena hata likadhaniwa kaa mfu, na sioni kwa nini la trilobiti lisingeweza kutulia vivyo hivyo mahali pasipo na mkondo. Lebo hizo sasa ninaziandika "haijabainika".