Majilio na Machozi ya Mfiwa

Imezoeleka kumwambia Mkristo aliyefiwa kwamba Majilio, kipindi cha kujiandaa kwa Krismasi, ni majira ya furaha, hivyo kulia ni upungufu wa imani. Sivyo. Katika Kanisa Katoliki, dominika nne za kipindi hiki ni za kungoja: padri aghalabu huvaa zambarau, rangi ya toba, na wimbo wa Utukufu, ule wa shangwe, hauimbwi. Isaya 40, sura ya Biblia inayosomwa humo, iliwaelekea watu waliokuwa uhamishoni Babeli, nayo huanza kwa kuwafariji. Kwa hiyo mjane anayewasha mshumaa wa kwanza kati ya minne ya Majilio, mmoja kwa kila dominika, huku akifuta machozi kwa ncha ya kanga hajakosea, na ninaomba sana asinyamazishwe; tumaini lake limo katika kungoja huko, mshumaa mmoja ukiwaka na mitatu ikiwa bado.